Walsi ya Alois kwa Bwana Wessely

Mimi hupiga fidla ya pili. Katika walsi, dansi ile ya kuzunguka kwa mapigo matatu, fidla ya kwanza ndiyo inayobembeleza wimbo; sisi tunaachiwa ta-ta, ta-ta, mpaka bega life ganzi. Sijawahi kuipenda kazi hiyo, na anayeniambia ni heshima simjibu.

Mwaka ule Bwana Wessely, mwenye mkahawa wa bustanini tuliokuwa tukipigia pale Vienna, alituletea kiongozi mpya wa bendi kutoka Berlin, Bwana Quandt. Mtu nadhifu, mwenye adabu, ila kwake moja, mbili, tatu zilikuwa sawasawa kama matofali. Sisi wa Vienna ile ya pili huiwahisha kidogo, ya tatu ikajivuta. Hatukufundishwa, tumezaliwa nayo.

Jumapili moja ikaja zamu ya walsi ya kuimbwa, ya Alois Prohaska: mapenzi, msitu wa masika, ndege anayemwita mwenzake. Alois alikuwa na ugonjwa wa mapafu, na daktari hakumficha mkewe, Hermine, kwamba kiangazi kikiisha na majani yakipukutika, hatakuwepo. Hermine ndiye mwimbaji wetu. Alimwangukia Wessely waipige, mumewe aisikie japo mara moja.

"Mara moja, mama," Wessely akasema. "Watu wakidai irudiwe, itapigwa kiangazi chote. Wakinyamaza, basi, aende nayo nyumbani."

Kwenye mazoezi Hermine alimkabili Quandt. "Bwana, hili si gwaride."

"Zimeandikwa tatu, Bibi. Napiga tatu."

"Na mkeo ukimbusu, unahesabu?"

"Hajalalamika," Quandt akajibu, masikio mekundu. Tulicheka mpaka tukashindwa kushika fidla, lakini hakubadilika.

Alasiri ya Jumapili hiyo bustani ilifurika. Alois alikaa meza ya mbele, blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali. Quandt akapanga matofali yake, na sisi, Mungu atusamehe, tukamfuata. Watu wakaendelea na keki zao. Mama mmoja alimwita mhudumu kwa sauti katikati ya ubeti. Nikamwona Alois akiinamisha kichwa.

Hermine naye aliona. Alipofika kwenye sauti ya juu, pale ndege anapoita, akaishika asiiachie. Quandt akashusha fimbo yake ya kuongozea, mwanamke hashuki. Akashusha tena, wapi! Akakaa kulekule juu, macho kwa mumewe, mpaka vijiko vikanyamaza na fimbo ikakosa la kufanya. Ndipo akatugeukia sisi wa ta-ta, akatikisa bega: haya!

Tukaingia kwa mwendo wetu. Jamani, siku hiyo nilipiga ta-ta kama bwana harusi! Wimbo ulikuwa wa kusikilizwa, si wa kuchezwa, lakini viti vilisukumwa kando na watu wakazunguka kati ya meza, akiwemo yule mama aliyemwita mhudumu. Hata Quandt, nimpe haki yake, aliiweka fimbo chini akacheka.

"Tena! Tena!"

"Kiangazi chote!" Wessely alinguruma, akipiga meza ngumi.

Tulipoirudia mara ya pili, Hermine alishuka jukwaani akamwimbia Alois palepale mezani, jasho likimtiririka. Bustani nzima ilisimama kumpigia makofi mtu ambaye hakuweza kusimama. Mimi nililia, wala sioni haya.

"Ile sauti ya juu," Alois akasema, pumzi zikimkatika, "umeishika mno. Sikuandika hivyo."

"Basi andika."

Alois akamwomba mhudumu kalamu.