Picha ya Mwokoaji

Siku hizi wachumba hawapigwi picha wakiwa wamesimama wima, nguo zimepigwa pasi, macho mbele. Hizo zimebaki kuwa picha za kitambulisho. Siku hizi picha ya uchumba lazima iwe na maana, na maana hiyo, kwa maelezo ya mpiga picha aliyekabidhiwa uchumba wa Bima na Fundi, haipatikani mahali pengine ila kando ya bahari. Wenyewe walimpendekezea mlango wa benki, kwenye foleni walikojuana. Mpiga picha huyo, mama mtu mzima, alivua miwani akaifuta taratibu, kama daktari anayetafuta namna ya kumwambia mgonjwa habari mbaya.

"Foleni haina upepo," alisema. "Nitafutieni mahali penye maji ambapo penzi lenu lilipita kwenye mtihani."

Fundi alitazama dirishani. Bima alijikuna shingo. Mahali hapo palikuwepo, tena palikuwa na mtihani wa kutosha, na yeye angetoa chochote pasitajwe.

Aliitwa Bima kwa sababu alikuwa anauza bima, na alikuwa anaiuza vizuri. Alikuwa na kipaji cha kumweleza mtu mwenye afya tele jinsi atakavyokufa, kwa upole na kwa undani, mpaka mtu huyo aombe kalamu mwenyewe. Mchumba wake alikuwa fundi wa majokofu, mwanamke wa maneno machache na mikono yenye nguvu, ambaye kazi yake ilimfundisha kwamba kitu kikipiga kelele sana ndani yake mara nyingi hakuna gesi. Kwa nini alimpenda Bima ni swali ambalo hata rafiki zake waliacha kumwuliza.

Pale studio walikuwa wameongozana na mtu wa tatu ambaye hakualikwa. Baba yake Fundi aliitwa Mzee Kamati, kwa kuwa hapajawahi kutokea kamati mtaani ambayo hakuwa mwenyekiti wake, na palipokosekana kamati aliiunda. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, miguu imetengana, fimbo katikati.

"Mahali pa mtihani papo," alisema. "Gatini. Mbona mnakaa kimya kama watu waliofiwa? Mama, huyu kijana unayemwona hapa alijirusha baharini na viatu vyake kumwokoa binti yangu. Mawimbi yalikuwa kama nyumba. Alimshika kwa mkono mmoja, wa pili anapasua maji."

"Ulikuwepo, baba?" aliuliza mpiga picha, mkono kifuani.

"Si lazima niwepo. Nimeisimulia sana."

Ukweli ni kwamba aliyeanguka majini siku ile alikuwa Bima. Mzee Kamati alikuwa amemkataa wakati huo, akisema hawezi kumpa binti yake mtu anayeishi kwa mdomo, kwa hiyo wachumba walikuwa wanakutana kwa kujificha nyuma ya gati la zamani. Bima alikuwa anatembea kinyumenyume huku anamweleza mteja kwenye simu umuhimu wa kujikinga na ajali. Gati likaisha, yeye akaendelea. Fundi akaruka, akamkamata ukosi wa shati, akamburuta hadi kwenye ngazi za mawe. Watu walipofika mbio waliwakuta wote wawili wamelowa, Bima amesimama anatetemeka, Fundi ameketi anakamua nguo. Bibi mmoja akasema, "Maskini, amemtoa mwenzake." Hakuna aliyeuliza nani kamtoa nani. Bima naye, mtu ambaye hajawahi kukosa neno maishani mwake, siku hiyo alilikosa.

Habari ilimfikia Mzee Kamati kabla nguo hazijakauka. Jioni hiyo Bima aliitwa, akakumbatiwa, akaitwa mwanangu. Fundi alinyamaza, maana kwa mara ya kwanza baba yake alikuwa anamtazama mwanaume huyo bila kukunja uso. Hivyo ndivyo uchumba ulivyopata baraka, na mzee akapata hadithi.

Basi siku ikapangwa, pozi likapangwa. Mpiga picha alitaka tukio lirudiwe: Bima atoke majini akiwa amembeba mchumba wake mikononi, kichwa cha binti kimeegemea bega la mwokoaji. Mzee Kamati alisema hiyo hiyo ndiyo itakayowekwa kwenye kadi.

Walipokuwa wanashuka ngazi za studio, mzee akiwa ametangulia, Fundi alimvuta Bima mkono.

"Nilimwacha baba asikie alichosikia," alisema. "Maneno yanapita. Picha haipiti. Itakaa ukutani, watoto watauliza, na mimi sitawadanganya watoto kwa ajili ya ukosi wa shati lako. Useme mwenyewe, mbele yake, kabla hiyo picha haijapigwa."

"Na nisiposema?"

"Pete nakurudishia pale pale. Wala sitaitupa baharini, usiogope. Najua huwezi kuifuata."

"Atanikataa upya, unajua."

"Akikukataa wewe mkweli nitagombana naye mimi. Akikukubali wewe mwongo, nitagombana na wewe maisha yangu yote. Chagua ugomvi."

Siku ya picha bahari ilikuwa tulivu kama imeambiwa kuna wageni. Gati la zamani lilikuwa limebaki na watoto wa paka na matairi yaliyofungwa kandokando. Mpiga picha alifika na kamera mbili, mwavuli mweupe wa kuelekeza mwanga na kitambaa cha waridi ambacho hakuna aliyejua ni cha nini. Fundi alivaa gauni refu la bluu. Bima alivalishwa shati jeupe lililofunguliwa vifungo vya juu, kwa sababu, aliambiwa, mwokoaji hafungi vifungo vyote.

"Kabla hatujaanza," alisema Bima, "baba, kuna jambo dogo nataka…"

"Utasema harusini," alijibu Mzee Kamati. "Ingia majini, jua halisubiri."

"Ni kuhusu siku ile."

"Najua kuhusu siku ile kuliko wewe. Wewe ulikuwa umeshughulika. Mama, mwambie wapi asimame."

Mpiga picha akamwambia asimame kwenye ngazi ya mwisho, mguu mmoja majini, aipe bahari mgongo, atazame mbali kama mtu anayeikumbuka hatari. Bima akatazama mbali. Hilo halikumpa shida, hatari aliiona vizuri sana. Alikuwa ameikariri hotuba nzima tangu alfajiri, yenye utangulizi, masikitiko na ombi la kusamehewa, hotuba ambayo ingemfanya mteja yeyote achukue bima ya familia nzima. Sasa kila akifungua mdomo ilitoka hewa tu. Juu yake, ngazini, alisikia Fundi anaizungusha pete kidoleni. Au pengine hakuisikia, ila aliijua.

"Bega lishuke," alisema mpiga picha. "Unaokoa mtu, hubebi gunia. Rudi nyuma kidogo. Kidogo tena."

Ngazi ya mwisho ilikuwa na utelezi wa kijani. Bima alirudi kidogo tena, mguu ukateleza, na mwokoaji akaingia baharini chali.

Alipiga maji kwa mikono, akapiga kwa miguu, akameza, akatema, akaita jina la mama yake, kisha akaanza kuita majina ya watu wa ofisini. Mpiga picha aliganda na kamera yake. Mzee Kamati alicheka kwanza, akidhani ni maonyesho, kisha akaacha kucheka. Fundi alikaa kwenye ngazi, akakunja mikono.

"Simama," alisema.

"Ninakufa!"

"Simama, wewe mwanaume. Simama tu kama mtu anayesubiri basi."

Bima akasimama. Maji yakamfikia kifuani, chini kidogo ya mfuko wa shati. Alitazama upande huu, akatazama upande ule, akapapasa chini kwa mguu kama anayetafuta kiatu. Mchanga ulikuwepo, mgumu, wa kuaminika.

"Ni hapa hapa?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Siku ile?"

"Hapa hapa. Ila siku ile maji yalikuwa yamekupwa. Yalikuwa kiunoni."

"Kiunoni."

"Nilikwambia simama. Hukusikia, ulikuwa umenikaba shingo. Ikabidi nikuburute."

"Mwaka mzima mimi najua nina deni la uhai wangu kwako. Kwa nini hukuniambia?"

Fundi alikunja midomo. Kwa mara ya kwanza katika mambo haya yote alionekana na aibu kidogo. "Ulikuwa unanishukuru vizuri sana. Sikuona haraka."

Hapo Bima alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Mwaka mzima alikuwa ameficha kwamba ameokolewa, kumbe hata kuokolewa hakuokolewa. Aliiba ushujaa ambao haukuwepo. Hotuba yake yote ilikuwa imejengwa juu ya kilindi, na kilindi kimeondoka. Kilichobaki ni mtu mzima aliyelowa, na mtu mzima aliyelowa hana sababu ya kuzunguka mbuyu.

"Baba," alisema akiwa pale pale majini, "mimi sijawahi kumwokoa binti yako. Nilianguka nikiwa naongea na simu. Yeye ndiye aliyenitoa, na kama unavyoona, hapakuwa na cha kutolewa. Watu walisema wao, mimi nikanyamaza kwa kuwa ulinikumbatia."

Mpiga picha peke yake ndiye aliyethubutu kusema, naye aliuliza kama maneno hayo yanaweza kurudiwa akiwa amegeukia upande wa jua.

Mzee Kamati aliketi juu ya nguzo ya kufungia kamba. Alionekana mzee ghafla.

"Nimeisimulia kwenye kikao cha barabara," alisema. "Nimeisimulia kwenye kikao cha maji taka. Kuna mjane alilia. Na wewe, binti yangu, ulijua?"

"Nilijua, baba," alisema Fundi. "Nilinyamaza kwa sababu yangu. Nilikuwa nampenda na wewe ulikuwa humpendi."

Mzee aligonga fimbo chini, mara moja, kama anayefunga mjadala.

"Basi haya mazungumzo hayakuwepo. Mbebe. Mbebe binti, huyu mama apige, tuondoke. Watu wanasubiri kadi yenye shujaa, nami sitawapelekea mtu aliyezama kwenye beseni."

Bima alimtazama Fundi. Pete ilikuwa imefika kwenye fundo la kidole.

"Simbebi, baba," alisema.

"Umesemaje?"

"Nimesema simbebi. Na akinibeba yeye nitakubali, maana itakuwa karibu na kweli."

"Basi harusi huna."

Bima alimeza mate, na mate hayo yalikuwa ya chumvi. "Ukininyima, ninyime, ni haki yako. Ila utakuwa umeninyima mimi mwenyewe. Yule uliyemkubali hata mimi simjui."

Fundi alishuka ngazi zile na gauni lake la bluu, likavimba pande zote kama mwavuli, akaenda kusimama kando ya Bima. Pete ilikuwa imerudi mahali pake.

"Tugawie wote, baba," alisema. "Hasira yako. Au tuache hapa, uende nyumbani ukawaeleze wajumbe kwamba umeghairi harusi, na wakuulize sababu."

Neno hilo la mwisho lilimwingia. Mzee Kamati alikuwa tayari kukosa mkwe, lakini kukosa maelezo mbele ya wajumbe hakupata kukutana nako. Alikaa akitafuna shavu kwa ndani. Aliyemjua angetambua kwamba kikao kinaendelea humo kichwani, hoja zinapanda na kushuka, na mwenyekiti ana kura ya mwisho.

"Siku ile," alisema hatimaye, "nani mwingine alikuwepo wakati mnaanguka?"

"Sisi wawili tu. Wengine walikuja baadaye."

"Mlitazama kila upande?"

"Baba, nilikuwa ndani ya maji," alisema Bima.

"Kwa hiyo huwezi kuapa kwamba hapakuwa na mtu mzima aliyekuwa anapita zake."

Mzee Kamati alivua viatu. Alivua soksi, akazikunja, akaziingiza kila moja kwenye kiatu chake. Alikunja suruali hadi magotini, jambo ambalo halikuwa na faida yoyote, akateremka ngazi kwa kushikilia fimbo, akaiacha kwenye ngazi ya mwisho na kuingia majini bila kukunja uso. Akajipenyeza katikati ya wachumba, akamkamata Bima kifundo cha mkono wa kushoto na binti yake kifundo cha mkono wa kulia, akainua kidevu.

"Baba, unafanya nini?" aliuliza Fundi.

"Nawatoa wote wawili. Mwaka mzima sikusema kwa sababu sipendi kujisifu. Kadi zenu mtaweka picha mnayotaka, hata mkitaka ya foleni ya benki. Hii ni ya kwangu. Nyinyi oaneni, mkiulizwa jambo la gatini waambieni waje kwangu."

"Kwa hiyo harusi ipo?" aliuliza Bima.

"Nitakuwaje nimekutoa baharini halafu nikukatae? Onekana umechoka. Umezama, kijana."

Bima akaonekana amechoka, kazi nyepesi kuliko zote za siku ile. Fundi aliinamisha uso kwenye bega la baba yake ili asionekane anacheka, na kwenye picha ilionekana ni shukrani. Mpiga picha alipiga, akapiga tena, machozi yanamtoka chini ya miwani, anarudia kwamba hii sasa ndiyo maana, hii ndiyo maana yenyewe.

Mzee alimwita asogee hadi ukingoni amwonyeshe. Alitazama kioo cha kamera kwa muda, maji yanamchuruzika kwenye shati.

"Nzuri," alisema. "Lakini haya maji mbona mafupi hivi? Huko studio kwenu hamna namna ya kuyaongeza?"