Mzee Randa Alivyounga Diski

Mzee Randa alikuwa seremala kwa miaka arobaini na moja, na shule aliiacha darasa la nne, mwaka ule ule alioweza kuchonga mguu wa kiti ukasimama. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba huyu mzee alijitengenezea seva ya kuhifadhi picha nyumbani kwake, usikimbilie kumsifu. Kaa kwanza usikilize.

Yote yaliletwa na mdomo wake. Mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Mkunga, amepokea watoto tangu ujana, na tangu simu zilipoanza kuwa na kamera, kila mtoto aliyempokea alimpiga picha akiwa amelala kifuani kwa mama yake. Picha za miaka kumi na mitatu. Simu tatu zilijaa, ya nne ikaanza kugoma, na siku moja wakiwa mezani Mkunga akasema picha hizo zikipotea atalia kuliko alivyolia msiba wa mama yake mzazi. Binti yao anafanya kazi mbali. Alipopiga kuwajulia hali akasema dawa ipo: kompyuta ya kuweka pale nyumbani, kazi yake kuhifadhi tu, na yeye akija likizo ataiandaa. Hapo Randa, tonge likiwa bado mkononi, akasema likizo ya nini, kwani hiyo si sanduku lenye droo mbili tu?

Mkunga akamtazama mumewe kama unavyomtazama mtu mwenye goti bovu anayesema yeye ndiye atakayepanda juu ya paa.

Kompyuta haikumsumbua. Karani mmoja rafiki yake alimpa ile ya ofisini iliyostaafishwa, nzito kama jiwe la kusagia, lakini ilikuwa inawaka. Diski zikawa mbili: mpya aliyotuma binti, na kuukuu iliyokutwa humo humo ndani. Kilichobaki ni mfumo wa kuiendesha, na ndipo Randa alipogundua kwamba mifumo ni mingi kama washauri kwenye msiba wa tajiri.

Akaenda kwa Fundi. Huyu ni mama mmoja mwembamba anayetengeneza simu na kompyuta kwenye chumba kimoja kando ya barabara, bisibisi kaichomeka kwenye nywele. Fundi akampa flashi tatu, kila moja na mfumo wake, akamwambia zote ni za bure, ajaribu mwenyewe achague unaomfaa. Majina yake Randa hakuyashika hata moja. Akaibatiza.

Wa kwanza akauita Bibi Harusi. Sura nzuri, rangi, vitufe vinameremeta. Lakini Bibi Harusi alitaka kompyuta yenye nguvu mara nne ya ile ya karani, na hakuficha. Ukibonyeza kitu kabla ya chai, anakujibu umeshaosha kikombe. Randa alimvumilia siku tatu kwa ajili ya uzuri tu, kama wanaume wengi.

Wa pili ulikuwa Mwalimu Mkali. Skrini nyeusi, maandishi meupe, basi. Unaandika amri, ukikosea nukta moja anakukatalia, wala hakuambii umekosea wapi. Randa alikuwa anaandika kwa kidole kimoja, tena kile kilichopunguzwa ncha na msumeno. Siku ya pili amri moja ikakubali, akamwita Mkunga aje aone. Mkunga akauliza, sasa imefanya nini? Randa hakujua. Alichojua ni kwamba haikumgombeza.

Wa tatu ndio aliouita Mpole. Hauna sura ya kutisha wala ya kutamanisha, mashine kuukuu unaiweza, na unauliza swali moja moja kwa lugha ya watu. Randa akauchagua, kisha akazunguka mtaani kutangaza kwamba ameuchagua baada ya utafiti. Kinyozi aliuliza utafiti huo ulikuwaje, akajuta, maana alinyoa vichwa viwili zaidi na Randa bado anaeleza.

Sasa Mpole akauliza: hizi diski mbili zipangwe vipi? Njia ya kwanza, kila picha iandikwe kwenye diski zote mbili, na nafasi utakayopata ni ya diski moja. Njia ya pili, diski ziungwe ziwe kitu kimoja, upate nafasi ya zote mbili. Chini yake kulikuwa na onyo jekundu, mistari sita.

Randa alicheka peke yake chumbani. Yaani upewe mbao mbili, utoe meza ya ubao mmoja? Fundi wa namna hiyo wateja humkimbia hata deni hawadai. Tangu lini seremala akatupa ubao mzima? Akaunga. Onyo hakulisoma. Maonyo mekundu alishayaona mengi kwenye makopo ya vanishi, na mbona yuko hai.

Picha zilihama kwa siku mbili. Mkunga akamuuliza mara mbili kama kweli ziko salama. Mara ya pili Randa akakunja uso kidogo, akasema hata nyumba ikianguka, picha zitabaki zimesimama. Basi Mkunga akazifuta kwenye simu, zote nne, mwenyewe, mbele ya mumewe. Randa alisimama pale akiwa amevimba kichwa, mikono nyuma, kama mgeni rasmi.

Wiki ya tano sanduku likaanza kulia. Tik, tik, halafu kimya, halafu tik. Mfano wa mende anayetembea juu ya gazeti. Folda zikawa hazifunguki mpaka uzibembeleze. Mkunga alikuwa amekwenda kumwangalia mzazi mtaa wa pili, kwa hiyo Randa akalifunga sanduku kwenye shuka, akalikumbatia mpaka kwa Fundi, na kila aliyemsalimia njiani akamjibu bila kusimama.

Fundi aliliwasha, akaweka sikio, akasikiliza, akamwangalia.

"Babu, diski ulizipanga vipi?"

"Niliziunga."

Fundi akaweka bisibisi chini. "Mguu mmoja wa kiti ukiliwa na mchwa, wewe unakalia ile mitatu?"

Kisha akamweleza polepole, bila kumcheka, na hilo ndilo lililomtisha Randa. Diski zikiungwa, kila picha hukatwa vipande, kipande huku, kipande kule. Ile kuukuu ndiyo inayokufa, na ikifa, ile nzima itabaki na nusu nusu za watoto zisizofunguka. Labda ina saa moja ya uhai, labda nusu siku. Akamwazima diski nyingine, akamwonyesha pa kuichomeka, akamwambia asiliwashe sanduku mpaka awe tayari kunakili. Na aanze na picha zenye maana zaidi, kwa sababu hakuna ajuaye safari itakatikia wapi.

Hapo maji yakamfika shingoni. Picha zilikuwa maelfu, majina yake namba tupu. Zipi zina maana zaidi? Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyejua, na ndiye yule aliyeambiwa kwamba nyumba itaanguka picha zibaki.

Njiani Randa alitunga uongo wa aina tatu, wote umenyooka, umepigwa msasa. Umeme. Panya. Mfumo wenyewe. Alipofika, Mkunga alikuwa amesharudi, anashona kifungo cha shati la mumewe, na uongo wote ukamtoka kichwani kwa mpigo. Akasimama na shuka lake mlangoni, akasema alivyofanya, tangu swali la Mpole mpaka mchwa wa Fundi. Akasema, mke wangu, nilijifanya mjuaji.

Mkunga alikata uzi kwa meno. Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Akavuta kiti, akakaa mbele ya skrini.

"Anza na wale ambao hawakukua," akasema.

Randa hakuelewa. Ndipo Mkunga akamwambia, macho kwenye skrini, kwamba wapo waliokaa saa moja, wapo waliokaa siku, mmoja alikaa wiki. Hao nao aliwapiga picha, akiwa ameshawaosha na kuwafunga vizuri, mikononi mwa mama zao. Baadhi ya mama hao bado wanakuja, hata baada ya miaka kumi, wanaomba kuona tu, halafu wanakwenda zao. Picha nyingine hawana. Na Randa amekuwa akiwafungulia mlango miaka yote hiyo akidhani wanafuata dawa ya tumbo.

Wakawasha. Mkunga alitaja tarehe kutoka kichwani, Randa akatafuta, akabonyeza. Walikuwa thelathini na saba. Diski ililia, ikanyamaza, ikalia tena, na kila iliponyamaza Randa alishika kingo za meza. Wa mwisho alichukua dakika tisa peke yake.

"Ameingia?"

"Ameingia," Randa akasema.

Wakaendelea na walio hai, kuanzia wa karibuni kurudi nyuma, mwaka mmoja, wa pili, wakafika katikati ya wa tatu. Kisha ule mlio ukakoma. Tangu ulipoanza Randa alikuwa ameomba ukome, na sasa alikaa ameinamisha sikio akiutamani. Miaka kumi na kitu ya watoto, nusu nusu.

Alipoomba radhi, Mkunga alimkatiza. "Hao wako hai. Wamejaa huko nje wanacheza mpira. Kawapige picha upya, wewe uliyewapoteza."

Ndiyo kazi aliyonayo Randa sasa. Diski, ile nzima na nyingine mpya, amezipanga kwa ile njia ya kwanza, na lile onyo jekundu alilisoma kwa sauti, kidole juu ya kila neno. Mchana anapita nyumba kwa nyumba na simu, Mkunga nyuma yake. Mwanzoni alikuwa akisema kumetokea hitilafu ya mitambo, lakini Mkunga alikuwa akikohoa, kwa hiyo siku hizi anaeleza yote, pamoja na mbao. Watu wanacheka mpaka wanaleta viti.

Jana ilikuwa zamu ya kijana wa miaka kumi na mbili, mrefu kuliko mama yake, aliyegoma kabisa kulaza kichwa kifuani kwa mtu mbele ya wenzake. Mama akamvuta sikio, kijana akainama. Randa akainua simu. Mkunga akamwambia asogee kushoto kidogo, jua linampiga mama usoni.