Weusi wa Jiwe la Misri

Gracien alichimba shaba katika mgodi wa Mashamba miaka mingi kabla ya kufungua studio yake ya picha mtaani Dilala. Kwa hiyo parokia ilipomletea mawe ya kale ya Misri, yaliyoachwa na padri mmoja wa zamani, ayapige picha kubwa za kutundika ukumbini, alifanya kile anachofanya kila mchimbaji kabla ya kumwonyesha mnunuzi jiwe. Aliyaosha.

Moja, dogo kama kidole gumba, lilikuwa na utando mweusi ukingoni. Alilisugua kwa brashi ya chuma mpaka likatoa rangi ya asali. Akaliweka dirishani juu ya kitambaa cheusi. Meno madogo ya ukingo wake yakaonekana wazi, kila moja na kivuli chake. Hakuwa amewahi kupiga picha nzuri kama ile.

Siku ya kutundika, Gracien alikuwa juu ya ngazi, misumari mdomoni. Chini, Joyeuse, mwalimu wa historia anayetunza mawe hayo, alilishika lile dogo, akamgeukia Henriette anayefagia na kuosha ukumbi.

“Mama Henriette, njo weye ulisukula hii jiwe?”

“Mi nasukula sakafu. Jiwe ya Misri itanipa nini?”

“Funguo ya kabati ya mawe iko na nani?”

“Iko na mi.”

“Basi?”

Joyeuse alieleza kwamba ule weusi ulikuwa gundi. Mvunaji wa Misri ya kale aliitumia kubandika jiwe kwenye mti wa mundu wake. Joyeuse alitaka gundi hiyo ipimwe Lubumbashi. Sasa haipo.

“Rudisha funguo, mama. Padri atatafuta mutu mwingine.”

Misumari ilimpa Gracien sababu ya kunyamaza, naye akaitumia. Henriette alifungua fundo la kitenge chake polepole. Ufunguo ulipogonga meza ndipo Gracien akatema misumari mkononi.

“Njo mi nilisugua. Niliona ni uchafu.”

Henriette alimtazama. “Na ulikuwa unaniangalia tu kule juu, baba. Kama kunguru.”

Gracien alitia misumari mfukoni.

“Uliipiga picha mbele ya kuisukula, ikiwa bado na weusi?” Joyeuse aliuliza.

“Hapana. Jiwe chafu, mutu anaipiga ya nini?”

Joyeuse akasema picha ya jiwe hilo ishushwe. Gracien akaigeukia. Ngazi ikateleza kidogo, na Henriette akaja kuishika kwa mikono miwili.

Afadhali angeiachilia aanguke, Gracien aliwaza.