Habari ya Mawe

Kutoka Kagunga kwenda Kigoma asubuhi boti ni moja tu, kwa hiyo Rozalia na mumewe Selestini walipanda boti ileile kwenda kuachana.

Rozalia alikaa nyuma karibu na injini, Selestini mbele, na katikati yao yakawekwa magunia ya dagaa. Mwaka wa tatu sasa Selestini alikuwa akiishi kwa mwanamke mwingine hukohuko kijijini. Hilo Rozalia alikwisha kulilia, likaisha. Kilichomtoa kitandani alfajiri ile ni nyumba. Selestini alitaka kuiuza apate kununua injini ya mtumbwi wake, na Rozalia hakuwa na pengine pa kuzeekea.

Catherine, binti msaidizi wa kisheria mwenye kiofisi kule Mwanga, mjini Kigoma, nyuma ya mafundi cherehani, alikuwa amemweleza wazi. "Mama, sheria haiangalii fedha peke yake. Kazi ya mikono yako nayo ni mchango. Ila mimi siruhusiwi kukusemea mbele ya hakimu. Itabidi useme mwenyewe."

Hapo ndipo palipomkosesha usingizi. Rozalia hakuwa mtu wa kusema. Hata jumuiyani, akiombwa kutoa neno, aliishia kuziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Katika ndoa yao, msemaji alikuwa Selestini.

"Mzee Sele," alitania Pastory, mchuuzi wa dagaa mle botini, "mnakwenda kuachana au kula fungate?"

"Wewe unaona boti mbili hapa?"

"Basi rudi nyuma ukakae na shemeji, gunia langu lipate nafasi!"

Watu walicheka. Rozalia aligeuzia uso majini, asionekane akitabasamu.

Boti ilipita chini ya milima ya Gombe, nyani wakitafutatafuta ufukweni. Hapa ndipo alipopita Rozalia akiwa bibi arusi, akitokea kwao Kalinzi, mtoto wa milimani aliyezoea kahawa na migomba, asiyewahi kukanyaga chombo cha majini. Alitapika njia nzima. Selestini alimshika kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akawa anamwonyesha vijiji vya pwani, akivitaja kimoja kimoja utadhani ni mali ya baba yake.

Kule mbele, kama kawaida yake, Selestini alikwisha kuanza habari ya mawe. Aliisimulia harusini, matangani, hata kwa wanunuzi wa samaki wenye haraka. Injini ilimeza maneno, lakini Rozalia alijua amefika wapi kwa kusikia tu watu wanavyocheka.

Mahakamani Selestini alisimama wima. "Ile nyumba ni yangu, mheshimiwa. Nimeijenga kwa nyavu zangu. Huyu alikuwa nyumbani tu."

Catherine, aliyekaa benchi la nyuma, alimtazama Rozalia. Rozalia akainuka, na yote aliyofundishwa yakamtoka kichwani. Akabaki anaangalia sakafu.

"Una swali la kumuuliza?" Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. "Ni haki yako."

Mtu mmoja akapiga chafya.

"Asimulie habari ya mawe," Rozalia alisema, sauti ndogo. "Kama alivyowasimulia kwenye boti."

"Hilo ndilo swali lako?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Yeye ndiye anayejua kuisema."

Selestini alikohoa. "Mheshimiwa, hiyo ni habari ndefu."

"Ifupishe."

"Haifupishiki ile."

Watu wakacheka, hakimu akaweka kalamu chini. "Haya, simulia."

Alianza kwa kujivuta. Mwaka ule ziwa lilitoa dagaa hasa. Yeye alivua usiku, asubuhi Rozalia akaanika mchangani. Wanawake wengine wakishaanika walijinyoosha kivulini. Rozalia alichagua jiwe ufukweni, akajitwika, akapanda nalo mlima mpaka kwenye kiwanja cha nyumba. Akishuka, anageuza dagaa. Anapanda na jiwe lingine.

"Mimi nimelala, mheshimiwa! Naamka jioni, nakuta rundo limekua. Nikadhani mawe yanazaana!" Sasa mikono yake ilikuwa inaruka, na sauti imepata moto wake. "Mimba ya Bariki ilikuwa kubwa hivi. Mama yangu akamwambia, 'Mwanangu, utazaa jiwe.' Naye akajibu, huyu huyu mnayemwona hasemi, akajibu, 'Litatufaa kwenye kona, mama.' Na kona ile mpaka leo..."

Akanyamaza. Alikuwa amejisikia mwenyewe.

Rozalia alimwona akitafuta pa kutokea. Angeweza kuipindisha. Lakini habari ile ilikuwa na njia moja tu, na aliipenda mno, asingeweza kuiharibu.

"Endelea," alisema hakimu.

Selestini alijifuta uso kwa kiganja. "Msingi wote ni wake, mheshimiwa," alisema polepole. "Mimi nilipandisha matofali."

Hukumu ilisomwa wiki mbili baadaye. Ndoa ilivunjwa. Nyumba ikabaki kwa Rozalia, mtumbwi na nyavu kwa Selestini.

"Umeshinda, mama," Catherine alimnong'oneza, akimminya mkono.

Rozalia aliitikia kwa kichwa. Mawazo yake yalikuwa kwenye zile jioni, Selestini akitoka usingizini anafikicha macho, akiyaona mawe na kupiga ukelele wa mshangao, kila siku, kana kwamba hajui yametoka wapi. Jiwe la mwisho la siku alikuwa akilipandisha mbio kabla hajaamka, kwa ajili ya ukelele ule. Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Nje, Selestini alikuwa akimsubiri kando ya ukuta.

"Mama Bariki. Bati la upande wa jikoni lina tundu."

"Nimeliona."

"Nilitaka kuliziba kabla ya mvua." Alikuna shingo. "Mwite fundi. Ila mwambie asikanyage katikati. Akanyage penye mti chini ya bati, pale katikati hapamchukui mtu."

"Nitamwambia, Baba Bariki."

Selestini akashika njia ya Kibirizi, kwenye boti. Rozalia alimwacha atangulie mpaka akapotea kwenye kona, ndipo naye akaanza kutembea.