Pumzi ya Mzee Kuramochi

Tangu Mzee Kuramochi azikwe, kila unyayo uliotoka kwenye kalibu yake ulikuwa na viputo vya hewa kisiginoni. Shinobu, aliyerithi mashine ile ya kukandamiza, alivigundua kwa kugonga kwa sarafu: ti, ti, ti, halafu kisiginoni, du. Nyayo zile za nyuzi za kaboni zilikuwa za miguu bandia, na penye du ndipo mtu angekuja kuvunjikiwa akitembea.

"Ni unyevu huo," alisema msimamizi wa karakana, Hiranuma. Theluji ilikuwa imelala mkoa mzima wa Ishikawa. Wakavikausha vitambaa vya kaboni kabla ya kuvipanga kwenye kalibu. Viputo vikapungua, ila kisiginoni vikabaki. Wakaongeza mgandamizo, gundi ikachuruzika pembeni, du ikabaki palepale.

"Labda mashine inakukataa, dada."

"Basi njoo ukae nayo wewe, bosi."

Adhuhuri moja wenzake walikwenda kula. Shinobu akafunga kalibu ya moto, akabaki peke yake. Hapo akasikia nyuma ya sikio lake mtu akivuta pumzi ndefu. Akangoja aitoe. Haikutolewa. Akageuka: hapakuwa na mtu. Akatazama saa ya mashine, sekunde kumi, kumi na tano, ishirini, na pumzi ile bado imezuiwa, hata kifua chake mwenyewe kikaanza kumbana. Ilipotimu ishirini na tano hakustahimili. Mkono wake ukavuta wenzo, kalibu ikafunuka upana wa ukucha.

Fyuuu. Hewa ilitoka kwenye kalibu, na nyingine, ya uvuguvugu, ikampita shingoni. Akaifunga tena upesi, akakandamiza mpaka ikapoa.

Unyayo ule aliugonga mara tatu toka kidoleni hadi kisiginoni. Ti tupu.

Hiranuma aliugonga naye. "Umefanyaje?"

"Niliifunua kidogo ikapumua, nikaifunga."

"Baada ya muda gani?"

"Sekunde ishirini na tano."

Hiranuma akaiweka sarafu chini. "Kuramochi alikuwa akifanya hivyo. Nilimwambia aache, kwa kuwa haimo kwenye maelekezo. Akaniitikia tu. Kumbe hakuacha. Nani kakuambia?"

Shinobu akajipapasa shingoni, pale hewa ile ilipompita.

Jioni ile Hiranuma aliiandika hatua hiyo kwa mkono wake kwenye karatasi ya maelekezo, na toka hapo nyayo zikatoka nzima, zamu zote. Lakini wiki ya pili, wakinywa supu ya miso asubuhi, mume wake Shinobu alishusha bakuli akamkodolea macho.

"Mbona hupumui?"

"Napumua."

"Sasa ndiyo. Nimekuhesabia."

Hakumuuliza amehesabu ngapi. Siku hiyohiyo aliomba ahamishiwe kwenye ukataji wa vitambaa, na Hiranuma akamkubalia bila kumuuliza sababu.