Jogoo wa Matoleo

Kwa wote watakaosoma maneno haya: mimi, Osée, mwanafunzi wa bweni kwa mapadri, mjuzi wa Kilatini, natangaza kwa heshima kubwa kwamba nilitenda muujiza katika parokia yetu ya Bel-Air. Kilatini changu ni maneno sita, na muujiza wenyewe ulikuwa na manyoya.

Zamani, kila Jumapili ya mavuno, nyanya yangu, Kaku Marceline, alipeleka kuku altareni. Mumewe, Nkambo André, alikuwa bado hai, anafanya kazi kwenye reli. Alipaka viatu vyake rangi tangu Jumamosi, na nyumba nzima ikanukia. Wakati wa matoleo Kaku alicheza polepole katikati ya kanisa, kikwembe kipya kiunoni, kuku kwapani, ngoma ikilia na akina mama wakipiga vigelegele. Mimi nilishika pindo la kikwembe nikiamini Mungu anatungoja sisi tu. Mpaka leo nikisikia harufu ya rangi ya viatu, naisikia na ile ngoma.

Kisha Nkambo akafariki, kuku wakaisha, nami nikapelekwa bweni. Likizo hii, asubuhi ya Jumapili ya mavuno, nilimkuta Kaku akipanga lengalenga, mboga alizolima nyuma ya jiko, ndani ya kitunga. Akazifunika kwa kitambaa cheupe.

"Kaku, ni hii tu?"

"Ni hii."

"Bantu batakucheka!"

"Bacheke. Miye niko naenda kwa Mungu, hapana kwa bantu."

Akaendelea kuimba wimbo uleule wa enzi za kuku. Hapo ndipo paliponiuma. Nilidhani anajikaza tu, na sikutaka kuona kanisa likimhurumia. Alipoingia chumbani kutafuta rozari, niliruka ukuta, nikamkamata jogoo wa jirani yetu Mama Wivine, nikamfunga miguu na kumlaza juu ya mboga. Chini ya kitambaa alitulia kama mtawa.

"Kitunga iko nzito leo," Kaku alininong'oneza kanisani.

"Ni baraka, Kaku."

Akaanza kucheza. Hatua zilezile za polepole, uso uleule wa siku za Nkambo. Nilimtazama nikaelewa kwamba hakuwa anajikaza hata kidogo. Alikuwa na furaha yake, nzima, kama zamani. Nilitaka kumkimbilia, lakini padri alikwisha nyoosha mikono.

Jogoo akatoa kichwa nje, akawika.

Kwaya ikakatika. Mama Wivine, anayeimba mstari wa mbele, akapaza sauti: "Eh! Ile jogoo iko yangu! Ile kamba nyekundu mu shingo ni miye nilifunga!"

Kaku hakumtazama jogoo wala padri. Kati ya watu wote wale, alinitazama mimi.

"Osée. Lengalenga yangu iko wapi?"

"Iko chini yake, Kaku."

Akamtoa jogoo, akamrudishia mwenyewe. Kisha akapiga goti, akampa padri zile mboga zilizolaliwa, kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akitoa kuku. Aliposimama, akaniita kwa kidole.

"Sema."

"Ni mimi nilimwiba, Mama Wivine," nikasema, kanisa zima likisikiliza. "Niliona haya kwa ajili ya Kaku. Yeye hakuona haya. Ni mimi peke yangu."