Mwaka Ambao Farasi wa Theluji Hakusimama

Mwaka ule theluji ilianguka kidogo mno, aibu tupu. Kila asubuhi Hatsue alisimama mlangoni pa nyumba yake ya wageni akimtafuta farasi mlimani. Theluji ikiyeyuka vizuri huacha baka jeupe lenye umbo la farasi. Farasi akisimama, wakulima wanasia mpunga, na wavuvi wanajua mafuriko ya maji ya theluji yametulia mtoni, samaki aina ya trauti wametoka mafichoni na wana njaa.

Hapo ndipo Hatsue humpigia simu bwana Nagase, mgeni wake wa kila mwaka, mjini. "Farasi amesimama. Njoo." Basi, hakuna la ziada. Mjane yeye, mgane yule, wote wazima na akili zao, na hawakuwahi kuambiana jingine. Kila mwaka Nagase alikuja, akavua samaki, jioni wakala trauti wa kuchoma jikoni wakicheka, kisha akaondoka, na Hatsue akabaki na hamu mwaka mzima.

Safari ya mwisho Nagase alikawia kufunga viatu. "Mwanangu anataka nihamie kwake kusini," alisema. "Nitaamua nikija tena."

Na sasa farasi hatokei. Mara mguu, mara mkia, mara mlima mweusi mtupu. Hatsue akazidi kungoja.

Umeno, jirani yake, akapita na kapu la mboga za mlimani. "Shoga, shingo hiyo itavunjika."

"Namtazama farasi."

"Farasi gani? Mume wangu kavuka mto jana, hata soksi hazikulowa. Trauti wamebanana kwenye vidimbwi, wamekonda mpaka unawaonea huruma."

Hatsue akarudisha macho mlimani.

"Hivi unangoja farasi au unangoja mtu?"

"Nenda zako na mboga zako."

"Naenda. Ila mtu naye huchoka kungojwa."

Hatsue akateremka mtoni. Mawe ambayo hakuwahi kuyaona makavu yalikuwa yanaota jua. Maji mazuri yalikwisha kupita tangu mwezi wa tatu, yeye macho juu mlimani. Moyo ukamwuma. Alimtaka yule mwanamume, wala si kwa habari ya samaki. Akarudi mbio kwenye simu.

"Nilidhani mwaka huu hutapiga," Nagase alisema. "Nimeshafunga mizigo, mwanangu anakuja kunichukua Jumapili. Farasi amesimama?"

Angeweza kudanganya. "Hakusimama. Maji hakuna, samaki hakuna."

"Aa. Sasa nije kufanya nini?"

Hatsue alikuwa na miaka sitini na ushee, na ulimi mzito utadhani kigori.

"Kula," akasema. "Kulala. Kukaa."

Upande wa Nagase kilisikika kitu kizito kikiburutwa sakafuni, kisha vifungo vikifunguliwa kimoja kimoja.

"Subiri," alisema, sauti haijatulia. "Koti la baridi nimeliweka chini kabisa ya sanduku. Huko bado kuna baridi?"

"Ipo," alisema Hatsue, jasho la joto likimtiririka mgongoni.